Nimekuta mfuko wa Nakumatt juu ya kabati. Hivi yule tembo aliuawa na nini hasa?

#1 Mhamiaji wa Goba
Wakuu, salaam.

Wiki hii nahama Sinza kwenda Goba, na mnajua kuhama kunavyomuumbua mtu. Juu ya kabati nimeshusha mfuko wa plastiki wenye picha ya tembo, nembo ya supamaketi ya Nakumatt. Ndani yake kuna chaja tatu za simu zilizokufa zamani, waya wa antena, na risiti iliyofifia mpaka imebaki nyeupe pee. Ukiimulika na tochi unaona tarehe tu, Desemba 2014.

Nimeacha kufunga mizigo nikakaa kitandani kuwaza. Hawa jamaa walikuwa na matawi zaidi ya 60 katika nchi nne. Mwaka huo huo wa 2014 waliyachukua maduka ya Mlimani City na Kamata kutoka kwa Shoprite, tukasema sasa Dar imepata mwenyewe. Mwisho wa 2017 hawapo. Januari 2020 wadai wao wakakutana Nairobi, wakapiga kura kampuni ifilisiwe. Duka la kuuza kila kitu, kuanzia kiberiti mpaka kochi, linakufaje hivyo?

Mimi nadhani tuliwaua wateja. Tulikuwa tunakwenda kupigwa na kiyoyozi, tunatoka na maji ya chupa. Nawasilisha, nakaa pembeni na chai yangu.

#2 Jumapili Mchana
Mkuu umenitaja bila kunitaja jina. Mimi na mama watoto, enzi hizo bado mchumba, tulikuwa tunashuka Mlimani City tunachukua toroli kubwa, siyo kikapu. Tunajaza taulo, sahani za udongo, shampuu, na jibini ambayo kati yetu hakuna aliyejua inaliwa na nini. Tukikaribia kwa keshia tunageuza, tunaanza kurudisha kimoja kimoja kwenye rafu, na kila kitu tunakirudisha mahali pake kwa adabu. Mkononi unabaki mkate na soda mbili. Kulikuwa na dada wa pale akituona tu anacheka, "maharusi wamekuja".

#3 Mtoto wa Buguruni
Mnahangaika bure. Nakumatt ni ya makaburu. Walipoona 2015 vyuma vimeanza kukaza wakabeba virago wakarudi kwao Afrika Kusini. Uzi ufungwe.

#4 Mhasibu Mchovu
Usifunge uzi mkuu, umetia mafaili matatu kwenye jalada moja.

Shoprite ndiyo ya Afrika Kusini. Waliuza maduka yao matatu ya Tanzania, mawili Dar na moja Arusha, na hawakufilisika, kwao wapo mpaka leo. Game nayo ni ya Afrika Kusini, chini ya Massmart, ambayo Walmart wa Marekani walinunua hisa zake nyingi 2011. Hao walikuwa Mlimani City tangu ilipofunguliwa 2006, wakafunga 2022. Nakumatt ni ya Kenya, ya familia ya Shah. Jina lenyewe ni kifupi cha Nakuru Mattresses. Walianza na magodoro.

Kwa hiyo mleta mada, huyo tembo hakufia Dar. Alifia Nairobi, sisi huku tulifika kwenye matanga tu.

#5 Mtoto wa Buguruni
Sawa mwalimu. Sasa vyuma vilikaza au havikukaza?

#6 Mhasibu Mchovu
Vilikaza, hilo sibishi. Katikati ya 2014 dola ilikuwa kama shilingi 1,650, mwisho wa 2015 imeshapita 2,100. Duka ambalo nusu ya rafu imejaa vitu vilivyovuka mpaka au bahari, hapo unabandika bei mpya kila wiki na mteja anaona. Ila Uchumi, Wakenya wengine, walifunga maduka yao ya Tanzania na Uganda Oktoba 2015, mwezi uleule tuliopiga kura. Hao utasema nani aliwakazia? Walikuja wakiwa wagonjwa.

#7 Shangazi wa Tabata
Nyie mnazungumza dola, mimi nalilia mkate wa Shoprite ya Kamata.

Nilikuwa nikitoka kazini mjini napitia pale jioni. Mkate unatoka ndani umefungwa kwenye mfuko, lakini mdomo wa mfuko wanauacha wazi kwa sababu mkate bado unatoa jasho. Ukiufunga unalowa. Unaupakata kwenye daladala kama mtoto mchanga, joto linapenya mpaka kwenye gauni. Ukifika Tazara foleni imesimama, unachomoa kipande kimoja. Kisha cha pili. Tabata nafika na mkate wenye shimo, watoto wananiuliza, "Mama, panya?"

Walipokuja wenye tembo bidhaa ziliongezeka kweli, na sufuria nzuri nilinunua. Lakini safari yangu ilikuwa ya mkate.

#8 Mhamiaji wa Goba
Shangazi, umenitia njaa saa tano usiku.

#9 Konda Mstaafu
Shangazi kaligusa jambo bila kujua. Foleni! Flaiova ya Mfugale pale Tazara imekuja 2018, wenye maduka wameshaondoka. Nimekaa mlangoni mwa daladala miaka kumi na moja, nawajua watu wa Dar kwa mizigo yao. Abiria akishuka kituoni ananunua pale pale anaposhuka. Nyanya, dagaa, vocha, mkate, kila kitu kiko hatua ishirini kutoka mlango wa gari. Nani atavuka jiji kwenda kununua sukari kwenye jengo lenye maegesho ya magari mia kadhaa, wakati hana gari? Maduka yale walijengewa wenye magari, na wenye magari wa mji huu hawatoshi kulisha wote waliofungua.

#10 Jumapili Mchana
Konda bado unadaiwa chenji yangu ya 2009.

#11 Konda Mstaafu
Shuka kwanza, tutaongea.

#12 Mangi wa Kona
Wakuu habari. Mimi ndiye Mangi, siyo wa utani, nina duka kweli, sitasema mtaa.

Naona mnataka kusema supamaketi ziliuawa na sisi kwa sababu tuna bei rahisi. Huo ni uongo ambao sisi wenyewe tunaupenda. Bei yangu ni ghali. Mimi nanunua dumu la lita 20 la mafuta, nalipima kwa kikopo. Ukikusanya vikopo vyote ukarudisha kwenye lita, umenilipa zaidi ya anayenunua chupa ya lita tano kwenye supamaketi. Sukari robo, hivyo hivyo. Kiberiti, sigara moja moja, hivyo hivyo. Maskini ndiye anayenunua ghali, na analijua hilo vizuri kuliko nyie mnaomhurumia.

Lakini jioni ana shilingi mia tano. Supamaketi gani itampimia mafuta ya mia tano? Na ikifika tarehe 20 hana hata hiyo, anamtuma mtoto, "Mama kasema uandike". Naandika. Nina daftari la nne sasa. Kuna mwalimu humo ana ukurasa wake peke yake. Keshia wa Mlimani City ukimwambia "andika" atamwita mlinzi.

Na usiku saa nne mtu anagonga dirisha anataka Panadol mbili. Naamka.

#13 Mtoto wa Buguruni
Mangi huyo mwalimu ni mimi nini? Mbona naona kama nimesemwa.

#14 Mangi wa Kona
Tarehe 25 tutajua.

#15 Achari ya Mama
Mangi kasema ya mlangoni, ngoja niseme ya mlango wa nyuma, wa kushushia mizigo.

Nilikuwa natengeneza achari ya embe na siagi ya karanga, nikapata nafasi ya kupeleka kwenye supamaketi moja hapa Dar. Siyo hiyo iliyotajwa kwenye kichwa cha uzi, na jina silitaji, msinifuate inboksi. Nilifurahi nikawapigia ndugu zangu wote. Unafika saa mbili asubuhi na boksi zako, unapanga mstari na wa mayai na wa maziwa. Wanahesabu, wanagonga muhuri kwenye invoisi, unaondoka. Malipo baada ya siku 60.

Siku 60 zikawa 90. Baada ya hapo nikaingia kwenye kalenda ya "njoo Jumanne". Jumanne aliyesaini yuko likizo. Jumanne nyingine mfumo umegoma. Huku mwenye chupa ananidai, mwenye karanga ananidai, na karanga hazikopeshwi mara mbili. Halafu siku moja wakanipigia kwa furaha, nikajua pesa imetoka. Kumbe wananiita nikachukue boksi tisa ambazo hazikuuzika, muda wake umebaki wiki mbili. Nikala achari ya embe mpaka midomo ikachubuka.

Mtu asiniambie wateja ndio waliua maduka haya.

#16 Mhasibu Mchovu
Dada pole. Hapo ndipo ilipo injini yenyewe, ngoja niifungue kidogo, kwa sababu watu wengi hudhani supamaketi inaishi kwa faida ya bei.

Mteja analipa taslimu leo. Saplaya analipwa baada ya miezi miwili au mitatu. Katikati hapo duka linakaa na pesa ya achari ya dada kama mkopo usio na riba. Mauzo yakipanda kila mwezi, pesa ya leo inalipa deni la juzi na kiasi kinabaki. Kinachobaki wenye duka wanafungulia tawi jipya, tawi jipya linaleta saplaya wapya, yaani madeni mapya, na mashine inazidi kunguruma. Siku mauzo yakisimama, hata bila kushuka, inajitafuna. Unachelewesha saplaya, saplaya anaacha kuleta, rafu inabaki wazi, mteja anaona rafu wazi harudi, mauzo yanashuka zaidi.

Nakumatt ilikutwa na deni la zaidi ya bilioni 30 za Kenya, kati ya benki, wenye majengo na hao kina Achari. Hilo ni deni la miaka ya kufungua matawi kama mtu anayefukuzwa, likiwemo la kununua yale maduka ya Shoprite. Kwa maoni yangu Dar ndiyo ilikuwa tonge lililowakwama kooni.

#17 Jirani wa Namanga
Niko Nairobi lakini nilisoma Dar, kwa hivyo mniruhusu. Mhasibu ameongea vizuri ila Dar mnajipa umuhimu sana. Maduka yenu yalikuwa machache. Huku ndiko moto ulikuwa. 2017 rafu zilikuwa tupu mpaka magazeti yakapiga picha. Wenye majengo wakaanza kuwatoa mmoja mmoja. Pale Thika Road Mall walitolewa, akaingia Carrefour, ambaye alikuwa amefungua duka la kwanza Kenya mwaka uliotangulia tu. Wakajaribu kuungana na Tuskys, supamaketi nyingine ya huku, haikufika popote. Na Tuskys mwenyewe baadaye akaanguka kwa ugonjwa uleule. Mwishowe Naivas alinunua matawi sita yaliyobaki kwa milioni 422 za Kenya. Kampuni iliyokuwa mfalme wa nchi nne!

Kuna wenye husema ni lile shambulio la kwenye jengo la maduka la Westgate, Septemba 2013. Tawi lao kubwa lilikuwa mle ndani, likaharibika lote.

#18 Mhasibu Mchovu
Westgate ni msiba mkubwa wa watu, lakini kibiashara ni tawi moja kati ya makumi. Na mwaka uliofuata ndio walikuja kununua Shoprite huku. Mtu aliyejeruhiwa hadi kufa hanunui maduka mapya.

#19 Jirani wa Namanga
Ama ananunua ndiyo benki zisijue ameumia.

#20 Mhasibu Mchovu
Hapo umenikamata, ngoja nikalale nayo.

#21 Mzee wa Foleni ya Khanga
Vijana shikamooni nyie, maana mnavyolia utadhani Dar haijawahi kuzika duka.

Sisi tulizika RTC. Kila mkoa ulikuwa na Kampuni ya Biashara ya Mkoa, ya serikali. Kiberiti, sabuni, khanga, sukari, vyote vilipitia huko. 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa yaje ya ushirika. Mlikuwa mnaona rafu imejaa kitu kimoja tu, mathalani makopo ya dawa ya viatu, ukuta mzima, na viatu hamna. Khanga ikisikika imefika, unapanga foleni alfajiri. Ukichoka unaweka jiwe lishike nafasi yako, unakwenda kunywa uji. Nimeshuhudia foleni ya mawe tupu, na mawe yanagombana.

1983 Sokoine akawashukia walanguzi, watu wakatupa mali baharini usiku wasikamatwe nazo. Mzee Mwinyi alipokuja akaruhusu bidhaa, mitumba ikajaa, na RTC zikafa kimya kimya. Hakuna aliyeanzisha uzi.

Kwa hiyo msiseme duka kubwa limekufa kwa sababu ya deni, au foleni, au Mangi. Yetu lilikuwa la serikali, halikuwa na mshindani, na lilikufa vilevile.

#22 Shangazi wa Tabata
Shikamoo Mzee. Mama yangu alikuwa na jiwe lake, alilichora alama ya X kwa mkaa.

#23 Mzee wa Foleni ya Khanga
Marahaba mwanangu. Mwambie mama jiwe la X nalikumbuka, lilikuwa linasogea lenyewe usiku.

#24 Binti wa Msimbazi
Mzee heshima yako, lakini RTC ilikufa kwa kukosa bidhaa, hizi zilikufa huku bidhaa zimejaa kila kona ya mji. Ndiyo maana mimi nasema ni Kariakoo. Nina fremu mtaa wa Kongo, mzigo wangu unatoka Guangzhou. Feni ileile, boksi lilelile, mteja anaikuta kwangu na anaweza kuniambia "dada punguza". Supamaketi huwezi kumwambia keshia apunguze. Mtanzania asipopunguziwa anahisi kaibiwa hata kama bei ni halali.

Na siku hizi hata Kariakoo haendi. Anaona feni Instagram, anauliza "bei inboksi?", bodaboda anamletea Mbezi. Sisi wenyewe tunaanza kuisikia baridi hiyo, sijui na sisi tutaandikiwa uzi lini.

#25 Mtoto wa Buguruni
Kupunguziwa na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hupewi. Tuseme na hilo.

#26 Binti wa Msimbazi
Mwalimu, deni la Mangi ulipe kwanza.

#27 Jumapili Mchana
Hahaha uzi umekuwa wa mwalimu sasa.

Lakini nina swali kwa Mhasibu na Dada Achari. Mnasema mashine ya kukopa kwa saplaya ndiyo iliyoua. Mbona Naivas anaishi kwa mashine hiyohiyo na ndiye aliyenunua mabaki? Na kama ni foleni na maegesho kama alivyosema Konda, mbona Mlimani City yenyewe bado inajaa watu kila Jumamosi?

#28 Konda Mstaafu
Inajaa wapiga picha. Niulize mimi.

#29 Achari ya Mama
Mkuu #27, mimi siyo mtaalamu, ila siku hizi napeleka kwa kina Mangi. Chupa tatu hapa, tano pale, narudi Ijumaa kuchukua changu. Kuna ambaye ananilipa kwa sarafu za mia mia kwenye kifuko cha nailoni. Nahesabu juani, vidole vinanuka chuma, lakini nahesabu. Sasa hilo linajibu swali lako au halijibu, sijui.

#30 Mhasibu Mchovu
Kuhusu Naivas, nadhani hakuvuka mipaka. Alibaki Kenya, akapanua polepole. Lakini Tuskys naye nguvu zake nyingi zilikuwa nyumbani, tena wa familia vilevile, akaanguka. Kwa hiyo kila nikipata kanuni naipatia duka la kuivunja.

#31 Jirani wa Namanga
Karibu Nairobi, sisi tumebishana haya tangu 2017.

#32 Kiwembe
Mleta mada, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Umekiri hadharani kumiliki. NEMC, wale wa mazingira, wakikufuata Goba usiseme hatukukuambia.

Halafu hiyo risiti usiitupe. Karatasi ya risiti ni ya joto, haina wino. Ukiipitishia pasi ya vuguvugu, karatasi inageuka rangi na maandishi yaliyofifia yanajitokeza. Jaribu, tujue ulinunua nini, labda ni ile jibini ya Jumapili Mchana.

#33 Mhamiaji wa Goba
Kiwembe asante, nimerudi na majibu, na nina ugomvi na wewe.

Risiti nimeitandika juu ya taulo, nikapitisha pasi taratibu. Kwanza zikatokea herufi mbili tatu, nikamwita mke wangu aje aone. Tukasoma "PASI YA", chini yake namba ya bei inaanza na 3. Tukatazamana. Pasi niliyoishika mkononi ndiyo yenyewe, tuliinunua wiki ya Krismasi tukiwa na mtoto wa miezi minne, na haijawahi kwenda kwa fundi.

Kwa furaha nikairudisha tena niione bei kamili. Karatasi yote imekuwa nyeusi kama chungu, na tarehe iliyokuwa inaonekana nayo imekwenda.

Gari la mizigo linakuja saa mbili asubuhi. Pasi bado ya moto, naisubiri ipoe niifunge.